Samaki wa tenki huku Mtwara: angalia maji yako kwanza ndio uchague samaki

Watu wananiuliza sana, wa hapa mjini, wa Masasi, wa Newala, eti nianze na samaki gani, na mpaka anakuja kuniuliza tayari ameshaona picha kwenye simu, samaki ana mapezi marefu yanaburuza, na moyo umeshakwenda. Mimi huwa nauliza kitu kimoja tu kwanza, maji ya kwako yanatoka wapi? Bomba? Kisima? Mvua ya kwenye bati? Maana mtu anachukua samaki aliyezoea maji fulani anamtia kwenye maji ya aina nyingine kabisa, halafu kila wiki anamwaga madawa ya kubadilisha maji yafanane na samaki, leo yanapanda kesho yanashuka, na huko kupanda na kushuka ndiko kunakomuua samaki. Chukua samaki anayeyapenda maji uliyonayo tayari, mengine yote yatakuwa mepesi mpaka hilo la kuzalisha.

Na huku kwetu maji yanatofautiana sana. Ukanda wa pwani, Mikindani, Msimbati, na ukivuka upande wa Lindi mpaka Kilwa, sehemu nyingi chini kuna mwamba wa matumbawe, ndio maana majumba ya zamani ya Mikindani yamejengwa kwa mawe hayohayo na chokaa yake. Kisima cha kwenye mwamba huo kinatoa maji magumu, yamebeba kalsiamu, sabuni haitoi povu na birika linaota ukoko mweupe ndani. Ukipanda juu uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, watu wengi wanavuna maji ya mvua, na hayo ni laini, hayana madini karibu yoyote. Kwahiyo angalia birika lako, fua leso uone povu, na ukipata vile vikaratasi vya kupimia pH (kipimo cha uchachu wa maji) na ugumu wa maji nunua, vitakusaidia kuliko dawa yoyote ya chupa.

Kama maji yako ni magumu basi una bahati, anza na gapi, moli, plati au sodteli. Hawa wote wanazaa watoto hai, hawatagi, na maji magumu ndio raha yao. Moli hata kisima chako kikiwa na chumvichumvi kidogo anakaa vizuri tu. Kama unavuna mvua, unaweza kufuga beta, au neoni na tetra wengine wenye asili ya kule Amazon, ila maji ya mvua matupu hayashiki, pH inaweza kuporomoka ghafla, kwahiyo weka kokoto kidogo za matumbawe kwenye filta, kile chombo cha kuchuja maji. Chukua zile kavu za kokoto za ujenzi, usiende kuvunja matumbawe hai baharini jamani, yale ni nyumba za samaki wengine. Hujui kama jiwe lina chokaa? Lidondoshee siki, likitoa vipovu linayo.

Halafu kuna samaki ambao naumia kila nikikuta Mtanzania anayefuga hawajui, mbuna wa Ziwa Nyasa. Ziwa letu hilo, unafika kwa barabara ya Masasi, Songea mpaka Mbamba Bay. Wale samaki wadogo wa kwenye miamba, bluu, njano, wenye mistari, wanafugwa Ujerumani, wanafugwa Marekani, watu wanawatengenezea matenki makubwa, na sisi tuko hapa tunahangaika na goldifishi kwenye bakuli. Kuna mmoja anaitwa Chindongo demasoni, mdogo, mistari ya bluu na nyeusi, kwao ni miamba ya Pombo upande wa Tanzania. Maji ya Nyasa pH yake inacheza kama 7.7 mpaka 8.6, kwahiyo mtu wa kisima cha matumbawe hana cha kurekebisha, anachotakiwa ni tenki kubwa, lita 200 na kuendelea, maana mbuna ni wakorofi, wanapigania mawe.

Tenki lenyewe fundi wa vioo na aluminiamu anakutengenezea. Kwa kuanzia sentimita 60 kwa 30 kwa 30 inatosha, ni lita 54, kioo cha milimita 6. Simamia silikoni wewe mwenyewe, ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia fangasi ni sumu, tafuta ambayo haijachanganywa kitu. Iache ikauke siku kadhaa mpaka harufu kama ya siki iishe kabisa, jaza maji ukiwa nje uwanjani, liache usiku mzima ndio uingize ndani. Na kumbuka maji tu ni kilo 54, usiliweke kwenye kistuli cha tv.

Heta, yaani kipasha maji joto, kwa joto la huku huhitaji. Tatizo letu ni kinyume chake. Maji ya nyuzi 30 yanabeba oksijeni kama miligramu 7 na nusu kwa lita, ya nyuzi 20 yanabeba kama 9, yaani mwezi wa kumi na mbili samaki wako wanahema kwenye hewa pungufu hata kama hujaona. Ndio maana pampu ya hewa na filta ya sponji sio mapambo, na ndio maana nasema punguza idadi. Umeme ukikatika, usilishe kabisa, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu mara kwa mara, na kama uwezo upo nunua pampu ndogo ya betri. Tenki lenye samaki wachache linaweza kuvumilia usiku mzima wa giza, lililojazwa halivumilii.

Sasa hapa kwenye amonia naomba mtulie kidogo. Mavi ya samaki na chakula kilichobaki vinatoa amonia, kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza kuwa nitrati ambayo haina shida sana ukiwa unabadilisha maji. Bakteria hao wanaishi kwenye sponji na kwenye mchanga, na tenki jipya hawapo, wanachukua kama wiki 4 mpaka 6 kujaa. Na sisi wa maji magumu ya pH ya juu, tena ya moto, amonia inakuwa kali zaidi kuliko kwa mtu mwenye maji laini, kiasi kilekile ambacho huko kwingine samaki angevumilia huku anakufa. Kwahiyo washa filta, tupia chakula kidogo kioze, subiri. Au njia ya mkato ya kweli, nenda kwa mwenzio mwenye tenki la zamani lenye afya, omba kipande cha sponji yake chafu ukaweke kwenye filta yako. Na ukiosha sponji ioshe kwenye maji uliyotoa tenkini, sio bombani, klorini inaua bakteria wote unaanza upya. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kutumia, ukiyapiga hewa ndio bora zaidi, badilisha robo ya tenki kila wiki inatosha.

Kuna sumu nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Dawa za kupuliza mbu chumbani, nyingi zina pairethroidi, na hizo kwa samaki ni kifo hata kwa kiasi kidogo sana. Ukipuliza, funika tenki na zima pampu kwa muda maana pampu inavuta hewa ya chumba inaiingiza majini. Chandarua chenye dawa usikikate kutengeneza nyavu ya kuvulia samaki wako wala kifuniko. Na msimu wa kupulizia mikorosho, bomba la mgongoni na ndoo zake zisiguse kabisa kazi za samaki, hata zikioshwa mara tatu. Ndoo ya samaki iwe na rangi yake na kila mtu nyumbani aijue.

Tuje kwenye kuzalisha. Gapi huna haja ya kumlazimisha, ukiweka dume mmoja na majike wawili watatu, baada ya siku kama 21 mpaka 30 utaona vitoto. Dume ni mdogo ana rangi, na pezi lake la chini karibu na mkia limechongoka, jike ni mnene lina doa jeusi nyuma ya tumbo. Shida ni kwamba mama anawala wanawe. Wengi wanakimbilia vile visanduku vya kumtenga mama, mimi sivipendi, jike anahangaika mle, anaweza hata kuharibu mimba. Jaza majani ya majini juu na pembeni, yawe mengi kwelikweli, vitoto vinajificha vyenyewe, halafu vitoe taratibu kwa kikombe. Kitu kingine, jike la gapi linatunza mbegu za dume kwa miezi, kwahiyo ukitaka kuchagua rangi lazima utenganishe madume na majike mapema, wiki ya tatu au ya nne, la sivyo unadhani watoto ni wa dume ulilochagua kumbe ni wa yule wa dukani.

Mbuna ni habari nyingine na ndio inayonifanya nikae mbele ya tenki chakula kikipoa mezani. Dume ana madoa kama mayai kwenye pezi la chini. Jike anataga, anageuka haraka anayaokota mayai yake mdomoni, halafu anayafuata yale madoa ya dume akidhani ni mayai mengine, hapo ndipo dume anapotoa mbegu na mayai yanarutubishwa mdomoni mwa mama. Anakaa nayo kama wiki 3, hali chakula, koo limevimba. Usimsumbue. Ikipita wiki ya pili mhamishe taratibu kwenye tenki la peke yake lenye chungu cha kujifichia, akiwatema vitoto mpe siku chache ale anenepe kabla ya kumrudisha kwa wakorofi wenzake. Mbuna wengi ni wala majani, wape chakula cha spirulina (kile cha mwani), mchicha uliochemshwa, ukiwazoesha nyama matumbo yanavimba. Na usichanganye aina zinazofanana, watapandana upate samaki asiye na jina.

Vitoto vya aina zote, chakula bora ni artemia, vijidudu vidogo vya maji ya chumvi. Mayai yake yanauzwa yakiwa makavu, na kuyaangua huku kwetu ni rahisi mno, chumvi gramu 25 kwa lita ya maji, chupa ya plastiki na mpira wa hewa, kwa joto letu baada ya saa 24 yameanguliwa. Chumvi nzuri ni ile ya mashamba yetu isiyotiwa madini joto. Mabuu ya mbu nayo ni chakula safi cha bure kwa wakubwa, ila uyatoe yote kila siku, ukisahau ndoo wiki moja umefuga malaria na dengi.

Wakizidi, na watazidi, usiwamwage mtoni wala bwawani. Ziwa Rutamba kule Lindi kuna perege wa asili ambao tayari wamechanganyika damu na sato walioletwa kutoka nje, na mchanganyiko huo hakuna anayeweza kuutoa. Gawa, badilishana madume na mfugaji mwingine ili damu isirudi palepale, uza. Akichukua mtu wa mbali, walaze njaa siku moja, theluthi ya mfuko maji, iliyobaki hewa, mfuko ndani ya deli, deli chini ya kiti sio kwenye buti la basi lenye joto. Na muulize maji yake. Akiwa wa Newala anayefuga kwenye maji ya mvua na samaki wako wamekulia kwenye kisima cha Mikindani, mwambie awaweke kwenye ndoo na maji ya mfuko, kisha adondoshee maji yake tone kwa tone kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, saa moja, mbili, ndio awavue awatie tenkini.