Nyumba ya Mji Mkongwe huanza kufa darini

Boti ikikaribia bandari ya Malindi, anayerudi Unguja baada ya miaka huitafuta kwa macho Beit al-Ajaib kabla hajawatafuta jamaa waliokuja kumpokea. Jumba hilo la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883 ndilo lililokuwa sura ya Forodhani. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa ya mbele iliporomoka na watu wawili wakafariki.

Wengi husema ni uzee. Uzee peke yake hauangushi ukuta wa nusu mita. Kinachoziangusha nyumba za Mji Mkongwe ni maji. Maji huingia kwa sababu hakuna aliyepanda juu kuziba, na hakuna aliyepanda kwa sababu haijulikani nyumba ni ya nani. Mnaorudi na akiba ya Maskati, Dubai au London, na funguo za nyumba ya marehemu babu mkononi, yafuateni hayo mawili, maji na mirathi, kabla ya kuchagua rangi ya madirisha.

Nyumba nyingi za mawe tunazoziona leo ni za karne ya 19, baada ya Sayyid Said kuhamishia makao yake Unguja. Zilijengwa kwa ajili ya jamaa moja: chini duka na ghala, juu watu. Maji yalitekwa kisimani yakapandishwa kwa chombo, mpaka Barghash alipoyavuta kwa mfereji kutoka Chemchem. Ng'ambo ya mkono wa bahari uliokatiza pale Darajani ndiko walikokaa walio wengi, kwenye nyumba za udongo na makuti. Yalipokuja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, wenye nyumba wengi walikimbia, nyumba zikachukuliwa na serikali, na watu wa Ng'ambo na wa shamba wakapewa vyumba. Kwamba walistahiki kukaa ndani ya mawe kama wenzao, hilo halina ubishi. Taabu ni kwamba nyumba ya jamaa moja ikawa ya jamaa sita au saba, kila moja na jiko lake na karai lake la kufulia, juu ya sakafu iliyojengwa kwa ajili ya mikeka na mazulia. Kodi ilikuwa ndogo mno hata kununua bati moja, na aliyekodi chumba hakuona kwa nini atengeneze paa la watu wote.

Kisha ukaja utalii, na mwaka 2000 UNESCO ikautia mji katika Urithi wa Dunia. Hapo nyumba zikapata bei, na wapangaji wakaanza kutolewa kupisha hoteli. Kuna mitaa leo ukipita baada ya Isha barazani hakuna mtu ila mlinzi.

Sasa nyumba yenyewe. Ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Sakafu imelala juu ya boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na boriti nzuri haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Boriti hizo hazibebi sakafu tu, huzishika pia kuta za huku na za kule zisiachane. Zikioza vichwa, ukuta huanza kutoa tumbo nje, kichochoroni.

Kwa hiyo anzeni darini. Mapaa mengi ya zamani yalikuwa bapa, ya chokaa, na maji yakitoka kwa mlizamu. Baadaye yakafunikwa mabati, na ubovu mara nyingi uko pale bati linapokutana na ukuta wa jirani. Fundi mvivu hupaka saruji kwenye kona hiyo. Bati hutanuka juani na kunywea usiku, saruji hainyumbuki, na kabla mwaka haujaisha kuna ufa usioonekana kutoka chini. Dawa yake ni ukanda wa bati uliochomekwa ndani ya ukuta kiasi cha vidole viwili, uzibwe kwa chokaa, kisha ulalie juu ya bati la paa bila kugandishwa nalo. Safisheni na mifereji ya paa kabla ya Machi, maana masika hayasubiri.

Baada ya paa, kaguweni boriti. Chukueni bisibisi mchome kichwa cha kila boriti pale inapoingia ukutani. Ikizama pingili ya kidole, boriti hiyo imekwisha hata kama katikati ukiigonga inasikika ngumu. Kubadilisha ni mbili au tatu kwa wakati mmoja, baada ya kuegemeza sakafu kwa nguzo, wala si chumba kizima kwa siku moja. Boriti mpya iingie ukutani shubiri nzima, na kichwa chake kisizungushiwe saruji, kipate pumzi.

Na saruji ndiyo inayowatia hasara wengi wanaorudi, kwa sababu ni safi, ni ya haraka, na fundi aliyezoea tofali za Fuoni, nje ya mji, hajui kazi nyingine. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu kutoka chini na kuutoa usoni. Ukifungwa kwa plasta ya saruji, unyevu hutafuta njia juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya plasta, na siku moja bamba zima linadondoka likiwa limebandua na ngozi ya jiwe. Rangi ya mafuta hufanya vivyo hivyo, polepole. Chokaa ni kazi ya subira: izimwe kwa maji shimoni na ikae humo imefunikwa maji, angalau mwezi, miezi mitatu ni bora. Karai moja la chokaa kwa makarai matatu ya mchanga wa shimo uliooshwa. Mchanga wa pwani umebeba chumvi ile ile mnayoikimbia. Rowesheni ukuta kwanza, pigeni tabaka jembamba, sentimita moja hivi, kisha mtundike magunia mabichi kwa siku kadhaa. Ikikauka kwa jua inageuka unga, na hapo watu husema chokaa haina nguvu.

Kabla ya jiwe kuguswa, pateni kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Hata dirisha na mlango vimo. Ila kibali huombwa na mwenye nyumba, na hapo ndipo tunaporudi kwenye mirathi.

Chukueni mfano mwepesi. Babu amefariki akaacha mke wa pili (mama wa watoto alitangulia), watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mke ana thumuni, yaani 1/8. Zinabaki 7/8: kila mwanamume 2/8, kila mwanamke 1/8. Hapo hesabu imekaa vizuri. Sasa binti mmoja afariki, aache mume, mwana mmoja na binti mmoja. Mume ana robo ya ile 1/8, na binti ana robo nyingine, yaani 1/32 ya nyumba. Binti huyo yuko Maskati au Toronto, hajawahi kupanda ngazi za nyumba ile. Hatatoa senti ya bati, lakini bila saini yake hakuna mauzo. Zidisheni hayo kwa vizazi vitatu.

Kwa hiyo kusanyeni vyeti vya vifo kwa mpangilio, kuanzia aliyetangulia. Andikeni orodha ya warithi mkiwa na sheha, kiongozi wa mtaa. Kisha mwende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ulizeni huko huko kama nyumba ni ya wakfu, maana ya wakfu haigawiwi wala haiuzwi, na si jamaa mmoja tu aliyetengeneza nyumba ya wakfu akidhani ni urithi wake. Aliyechukua uraia wa nje aulize pia haki yake ya ardhi mapema, kwa kuwa Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima. Na wapangaji waliomo miaka thelathini wasemezwe kwa heshima. Wao ndio wanaojua maji yanadondokea wapi.

Wakati hayo yakisubiri, kuna jambo ambalo mrithi yeyote anaweza kulifanya kwa asubuhi moja. Tafuteni nyufa kubwa ukutani, mpake juu ya kila moja kiraka chembamba cha plasta, kipana kama kiganja, kivuke ufa pande zote mbili. Andikeni tarehe juu yake kwa msumari kingali kibichi. Mrudi baada ya masika. Kiraka kikiwa kizima, ufa ni wa zamani na umetulia. Kikipasuka, ukuta unatembea, na waliolala upande huo wahame kwanza.