Kwa Nini Faza Nafika na Uwanja wa Kwetu Sionekani

Mtu akinipa nichague mechi moja ya kwenda kutazama, ya hapa Lamu mjini au ya Faza, kisiwani Pate, nitachagua Faza kabla hajamaliza kuuliza. Wenzangu wa barazani wanalijua hilo na hawaachi kunisema. Uwanja uko karibu na karakana yangu. Nikitoka kuswali alasiri nafika mpira haujaanza, na bado siendi. Lakini ikisikika tu kwamba kuna boti ya Faza, Siyu au Kizingitini, jina langu liko juu ya orodha. "Huyu ni shabiki wa timu au shabiki wa bahari?" Haya, leo nawajibu kwa maandishi, maana barazani hakuna anayeniachia nafasi ya kumaliza neno.

Mimi ni fundi wa injini za boti, hizi za kufunga nyuma. Kwa hiyo safari za ugenini mimi hualikwa, tena silipi mchango wa mafuta. Si kwa mapenzi. Nahodha anataka awe na mtu mwenye spana, na timu inataka kurudi kwao siku hiyo hiyo. Mtu anayesafiri bure hana uso wa kuwahubiria wenzake habari za uaminifu, na sitahubiri. Ila wapo wengi wanaolipa, na wapo wengi zaidi wanaobaki, na wote nimewasikiliza miaka hii nikiwa nimeinama juu ya injini zao.

Tatizo la nyumbani ni kwamba kila mtu ananijua. Upande wa kivuli, chini ya ukuta, ndipo wanapokaa watu wazima, na miongoni mwao yumo mkwe wangu. Mkwe akiwa karibu namna ile huwezi kumtolea refa maneno. Hata bao likiingia huwezi kuruka. Unapiga makofi ya adabu kama uliyealikwa kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Mbele yako amesimama mwenye duka la vipuri anayekudai. Nyuma yako yupo mteja ambaye injini yake umekaa nayo tangu Shaabani, na sasa anakuona umekunja mikono unatazama mpira. Kipindi cha kwanza chote atakuulizia kabureta. Mapumziko ataiulizia tena, mara hii mbele ya watu. Mpira wa nyumbani, kwangu mimi, ni kazini, ila hakuna anayenilipa.

Halafu kuna hili la sisi wenyewe, watazamaji. Kipa wetu ni kijana mrefu, mchukuzi wa mawe na mchanga kwenye nyumba zinazojengwa, na siku ya mechi huja na vumbi la chokaa bado liko kwenye nyusi. Nyumbani akikosea mara moja tu, uwanja mzima unamkalia. "Mtoeni! Mtoeni huyo!" Na wanaopiga kelele ni majirani zake, watu waliokula harusini kwao. Yeye husimama pale kati ya milingoti, mikono kiunoni, akitazama mchanga.

Siku moja huko Siyu mpira ulimpita kati ya miguu. Mpira laini kabisa, mtoto angeuokota. Sisi tuliosafiri tulikuwa wachache, tumekaa kando ya mifuko ya nguo za wachezaji, na wenyeji walicheka mpaka wakashikana mabega. Basi yule bwana ambaye nyumbani huongoza kelele za "mtoeni" ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka. Alipiga makofi, akamwita kipa kwa jina la utani la utotoni, na mapumziko yalipofika alimpelekea maji mwenyewe, akamwambia jua lilikuwa la machoni. Jua lilikuwa mgongoni. Sote tuliliona jua lilikuwa wapi.

Hapo ndipo nilipo mimi. Nyumbani tunakwenda kuhukumu timu, ugenini tunakwenda kuilinda. Tukiwa wengi tunajiona ni wenye mali na wachezaji ni vibarua wetu. Tukiwa wachache, tumezungukwa na watu wa mji mwingine, yule kipa anakuwa ndugu wa damu na atakayemcheka atatutambua.

Nadhani hata Uingereza mambo ni hayo hayo, kwa ukubwa wao. Katika Ligi Kuu yao timu ngeni hutengewa tiketi 3,000, au asilimia 10 ya viti kama uwanja ni mdogo. Tazama mechi ya Old Trafford, uwanja unaochukua watu zaidi ya 74,000, halafu sikiliza ni nani anaimba dakika ya sitini mambo yakiwa magumu. Mara nyingi ni lile pembe la wageni. Tangu msimu wa 2016–17 tiketi ya mgeni hairuhusiwi kuzidi pauni 30, kwa hiyo bei si kizuizi kama zamani. Kigumu ni kuipata. Vilabu vingi vinawapa kwanza wale waliosafiri sana misimu iliyopita. Kwa hiyo kiti cha nyumbani anaweza kukaa mtalii aliyekuja na kamera, lakini lile pembe la ugenini limejaa watu wanaojuana kwa sura, waliokwisha kunyeshewa mvua pamoja. Boti yetu ni hivyo hivyo. Nafasi ni chache na tunajua nani hutapika bahari ikichafuka kidogo.

Sasa wanaobaki. Msiwaone wavivu. Kwetu sisi mtu hachagui kati ya nyumbani na ugenini kwa moyo peke yake. Kwanza anatazama mwezi. Kwenda Pate yote, iwe Faza, Siyu au Kizingitini, njia ya raha ni mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, na Mkanda hautaki mchezo maji yakiwa yamepwa. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, siku za bamvua, maji hujaa alasiri. Unakwenda na maji, mnacheza saa kumi, mnageuza haraka, na mkifanya ajizi maji yanawakimbia. Zikiwa siku za maji mafu mambo yanageuka: alasiri ndio yamepwa, na mechi ikiisha mnakaa gatini mnangoja huku kuna watu wana kazi alfajiri. Mwalimu hawezi. Mvuvi hawezi. Muuza kahawa wetu hata haulizi, kwa sababu mechi ya nyumbani ndiyo siku yake ya kuuza, na akipanda boti anakwenda kutumia pesa badala ya kuzipata. Ukija msimu wa kusi, upepo unaochafua bahari, hasa Juni na Julai, wazazi wanakataa na wana haki. Wengine tunaingia tu.

Dadangu yeye huja mechi za Faza peke yake. Kaolewa na mtu wa huko, na mpira ni njia yake ya kuwaona wakwe bila ya kuitisha safari rasmi yenye zawadi na maandalizi. Anashuka na watoto, anapotelea mitaani, na anarudi gatini wakati wa kuondoka akiwa na samaki waliokaushwa ndani ya kikapu. Matokeo anayasikia kwetu. Lakini muulize: atakuambia hajakosa mechi ya Faza. Na sijui kwa nini nimnyime ushabiki wake, kwa sababu vichwa vikihesabiwa kwenye boti naye anahesabika, na mafuta analipa.

Bara ni hadithi nyingine. Mechi za Witu au Mpeketoni unavuka hadi Mokowe, unapanda gari, unashika kitambulisho mkononi kwa ajili ya vizuizi, na macho yako yako kwenye saa zaidi ya mpira. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, kaunti iliwekewa amri ya kutotoka usiku, na habari ya kufuata timu bara ikafa yenyewe. Barabara sasa ni nzuri kuliko zamani, lakini kuna watu mazoea yale hayajawatoka. Na Shela siihesabu. Shela unakwenda kwa miguu kandokando ya bahari, nusu saa hivi, unarudi unakula chakula cha usiku kwako. Nusu ya wachezaji wao ni binamu zetu. Ile ni mechi ya nyumbani yenye mchanga mweupe zaidi.

Niliwahi kubishana na muuza kahawa juu ya jambo hili, na hoja yake ilikuwa nzito. Alisema: wewe ukienda Faza unajifurahisha, mimi nikibaki hapa nikapiga kelele naisaidia timu kushinda. Nyumbani ndiko kwenye faida. Kwa jumla hakukosea. Mwaka 2020 korona ilipofunga milango ya viwanja Ulaya, ile faida ya nyumbani ilipungua, na refa aliyekuwa hana wa kumzomea akawapunguzia wageni kadi. Msimu wa 2020–21 wa Ligi Kuu ya Uingereza, viwanja vikiwa vitupu karibu muda wote, wageni walishinda mechi 153 na wenyeji 144. Jambo hilo halikuwahi kutokea katika daraja la juu kule. Kwa hiyo kelele zina kazi. Nikamjibu kwamba kelele za kumsumbua refa ni sawa, lakini zetu nyingi zinamsumbua kipa wetu. Akanimiminia kikombe kingine na hakujibu, jambo ambalo kwake ni kukubali.

Na hiyo nyumbani yenyewe iko wapi? Juni 2024 Harambee Stars, timu yetu ya taifa, walicheza mechi zao za "nyumbani" na Burundi na Ivory Coast huko Lilongwe, Malawi, kwa sababu viwanja vya Nairobi, Kasarani na Nyayo, vilikuwa katika matengenezo. Baadaye wakahamia Kampala. Waliporudi Nyayo Machi 2025 wakafungwa na Gabon 2–1. Kisha ikaja michuano ya Afrika ya CHAN, Agosti 2025, Kasarani ikajaa, tukazifunga Kongo ya Kinshasa na Morocco bao moja moja, na Madagascar wakatutoa kwa penalti. Vijana wa hapa waliokwenda Nairobi walivuka Mokowe, wakala barabara kutwa na usiku, wakalala kwa watu. Mwenyeji alikuwa Kenya, sawa, lakini wao walisafiri kuliko mtu yeyote anayekwenda Faza. Nawaona ni mashabiki wa ugenini waliocheza nyumbani. Na sisi wa Arsenal hapa Lamu, tunaokaa mbele ya televisheni tukigombania feni, kila mechi yetu ni ya ugenini mpaka tufe.

Nimebakisha habari ya mkwe. Mara moja alikuja nasi Kizingitini, kwa shughuli zake za kamba wa baharini, akaona boti ipo na nafasi ipo. Nilikaa mbali naye kadiri boti ilivyoruhusu. Dakika ya themanini hivi beki wetu aliangushwa ndani ya eneo letu wenyewe, refa akaacha, na wenyeji wakafunga. Nikasikia sauti nyuma yangu ikimwambia refa maneno ambayo siwezi kuyaandika, yakimhusu yeye, macho yake na daktari aliyempima. Nikageuka. Alikuwa mkwe, kofia imekaa upande, mkono juu. Akaniona. Tukatazamana kidogo, kisha akaniambia, "Nawe sema kitu, umesimama tu." Nikasema.

Kurudi, Mkanda, injini ilianza kukohoa. Ilikuwa plagi. Nikamwambia nahodha azime, nikatoa kifuniko, mshambuliaji wetu akinimulikia kwa simu na maji yakiingia begani kila wimbi likigonga. Plagi ya juu ilikuwa imejaa masizi meusi yenye mafuta. Niliifuta kwa fulana, nikaitupa, nikaweka mpya. "Fundi, fanya hima! Mai yapwa!" Nahodha hana subira. Mkwe ndiye aliyenishikia spana, ananipa ile ninayoihitaji kabla sijaomba, na alikuwa bado anamsema refa. Tangu siku hiyo tukikutana uwanja wa hapa mjini anakaa kivulini kwake, nami nasimama kwangu, tunapeana salamu za heshima kama kawaida, na hakuna aliyewahi kulitaja lile.

Safari ijayo ni Faza, Jumamosi, na kwa bahati ni siku za bamvua. Boti inaondoka saa saba na nusu, si saa nane. Orodha iko kwa nahodha, mchango wa mafuta ulipwe kabla, na jaketi za kujiokolea kila mtu avae, hata wanaojua kuogelea. Mwenye injini karakanani kwangu aje Ijumaa kabla ya swala, Jumamosi asinitafute.