Usiku wa tatu na Tails

Jamani, usiku wa tatu huu hapa Ntinda, Kampala, nahangaika kuihamishia Tails, mfumo endeshi wa kulinda faragha, kwenye Raspberry Pi 4, kikompyuta kidogo chenye prosesa ya aina ya ARM. Tails rasmi hukubali prosesa za Intel na AMD za biti 64 tu, ARM haimo. Nikajidanganya: si imejengwa juu ya Debian, aina ya Linux, na Debian ina arm64, yaani toleo la ARM ya biti 64, tangu 2015? Vifurushi vingi vya programu kweli vilikubali. Kilichonitoa jasho ni kuwaka kwenyewe. Kidude hiki kinataka faili ya kuielezea kerneli, kiini cha mfumo, kila kipande chake. Ukikosea mstari mmoja, skrini nyeusi tii! Saa nane usiku Tor, mtandao wa kuficha utambulisho, ikaunganika, nikashangilia peke yangu kama mwehu. Umeme ukakatika. Tails husahau kila kitu ikizimwa, mimi bado nanung'unika. Nani ana pawabenki ya kuniazima?