"Mjini wapi?"

Ndo kwanza nashuka Lindi kutoka Mtwara, miguu imekufa ganzi. Kilomita mia na ushei kwenye Kosta, magoti yamebanwa na kiroba cha korosho cha mtu.

Asubuhi nilipofika Mtwara nikamwambia bodaboda, "Kaka, nipeleke mjini."

Akazima pikipiki kabisa. Akanitazama.

"Mjini wapi?"

Nikakosa jibu jamani 😅

Kwetu Lindi ukisema mjini umemaliza. Maduka yamebanana, majengo ya zamani yameegemeana, ukiteremka kidogo tu bahari hii hapa na Kitunda unaiona ng'ambo. Kadogo, ila ni mji.

Mtwara ndio kubwa. Ina bandari, ina uwanja wa ndege, sibishi. Lakini unatoka Chikongola kwenda Shangani unapita barabara pana, miembe, viwanja vitupu, unadhani umeshatoka nje ya mji. Kumbe ndio upo katikati! Waingereza waliupima kwa ajili ya ule mpango wao wa karanga wa 1947, wakitegemea jiji. Karanga zikagoma, nafasi zikabaki.

Mwisho bodaboda mwenyewe ndiye aliyeamua. Kanishusha sokoni, kachukua hela yake, kaondoka anacheka. Bado nakisikia kile kicheko.

Wa Mtwara najua mtanishukia, njooni tu. Hivi nyie mkisema "naenda mjini", huwa mnaenda wapi hasa?