Siku Yangu: Maziwa Asubuhi, Jeni za Nyati Jioni

Saa kumi na moja alfajiri pikipiki za Kisauni na Mtwapa zishafika, mitungi inateremshwa. Kituoni kwetu Kongowea, Mombasa, mimi ndiye mpimaji wa maziwa. Laktomita kwanza, kifaa cha kupima uzito wa maziwa, kuona kama kuna aliyetia maji, kisha spiriti, kuona kama yatakatika. Hayo huisha upesi.

Saa mbili ni zamu ya mafuta, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Namimina mililita 10 za asidi ya salfuriki kwenye butirometa, chupa ya kioo yenye shingo ya vipimo, juu yake mililita 10.75 za maziwa, taratibu zipitie ubavuni mwa kioo, mwisho mililita 1 ya amili alkoholi. Naziba, natikisa. Kioo kinapata moto hata kwenye kitambaa, na maziwa yanageuka kahawia nzito. Mashine ikishazungusha, natia kwenye maji ya nyuzi 65, na mafuta yanapanda shingoni, manjano safi. Ng'ombe wetu wenye damu ya Friziani husoma 3 na ushei kwa mia. Nyati wa maziwa wa India, kama Murrah, hufika 7 hata 8.

Saa nne kaja bibi mmoja mpika samli.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hao nyati wa Bara Hindi wanalishwa nini hata maziwa yawe na malai vile?"

"Mabua na majani, bibi. Siri imo kiweleni."

Akavuta kiti, nami nikafurahi. Jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli za mnyama, ni zile zile mwili mzima. Tofauti ni zipi zinafanya kazi, wapi, na kwa nguvu gani. Mnyama akizaa, kiweleni zinaamka jeni za mafuta. Iitwayo FASN inaunda mafuta kutokana na asetati, ambayo vijidudu vya tumboni huitoa kwenye nyasi. LPL inanasa mafuta yapitayo damuni. SCD inayalainisha. DGAT1 inafunga kazi, hatua ya mwisho ya kuunda mafuta ya maziwa. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba badiliko moja tu kwenye DGAT1 ya ng'ombe huongeza au kupunguza mafuta. Nyati wa India waliopimwa baadaye walikutwa na ile aina ya DGAT1 inayoleta mafuta mengi.

Adhuhuri swala, wali, usingizi kidogo.

Saa kumi nafungua kompyuta, maana nasomea fani hii ya jeni za maziwa. Leo nimekaa sana kwenye jambo moja linalonistaajabisha: tone la mafuta linapochomoka kwenye seli ya kiwele, mara nyingine huondoka na kipande cha seli, na ndani yake mna RNA, yaani nakala za jeni zilizokuwa zikifanya kazi. Kwa hiyo mtafiti anaweza kusoma kiwele kwenye maziwa yenyewe bila kumkata mnyama nyama. Kwa wanyama wetu naona hiyo ndiyo njia ya haki.

Saa moja usiku simu, mfugaji wa Kisauni: "Daktari, mbona mafuta yameshuka?" Namuuliza chakula. Nyasi zimeadimika, anajaza unga wa mahindi. Basi ndiyo hiyo. Wanga ukizidi na majani yakipungua, vijidudu vya tumboni hutengeneza aina ya mafuta ambayo, ikifika kiweleni, huzipunguzia nguvu jeni zile zile za kuunda mafuta. Nimemwambia apunguze unga kidogo kidogo, atafute majani makavu marefu, aniletee maziwa ya kila ng'ombe mbali mbali nipime upya.