Roho Ilipofika Kooni

Usiku wa mwisho wa uhai wa baba, shangazi yangu alikuwa akimwekea kiganja karibu na pua kila baada ya muda mfupi, kisha akitugeukia na kusema, "Roho bado ipo." Usiku ulipokuwa mkubwa, pumzi zikaanza kuachana, ikija moja, kikipita kitambo kirefu, ndipo ije nyingine, naye akasema, "Sasa imefika kooni." Alfajiri nilitoka nje kidogo. Niliporudi alikuwa amekwisha kumfumba macho, akaniambia, "Imetoka."

Nimekaa na kauli hizo tatu kwa miaka mingi, kwa sababu zinabeba nadharia nzima juu ya mwanadamu: kwamba ndani yetu mna kitu, kwamba kitu hicho kina makao, huweza kupanda na mwishowe huweza kuondoka. Lililonikaa moyoni ni swali ambalo sikuthubutu kumwuliza shangazi siku ile. Ikiwa roho ndiyo iliyotoka, baba ni yupi: ni yule aliyetoka, au ni huyu aliyelala mbele yetu tukijiandaa kumzika?

Shangazi hakuyabuni maneno yale. Katika Sura ya Al-Waaqia, Qur'ani inataja wakati roho inapofika kooni huku waliokizunguka kitanda wakitazama tu, wasiweze kuirudisha. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa mara nyingi kuwa nafsi, yaani nefesh, lina pia maana ya koo. Nasi tunasema kumkaba mtu roho, hali mkono umeshika shingo. Yaelekea kila aliyewahi kukesha na mtu anayekata roho alitazama palepale, mahali pumzi inapopita.

Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu maneno mawili, roho na nafsi, na mara nyingi tunayatumia kana kwamba ni mapacha. Tukiyasikiliza vizuri hayafanani. Roho mtu huwa nayo: ana roho nzuri, ana roho ngumu, roho imemruka, ameitoa roho yake kwa ajili ya wenziwe. Nafsi si kitu cha kuwa nacho kwa namna hiyo. Mtu akitaka kusisitiza kwamba ni yeye hasa wala si mjumbe wake, husema "mimi nafsi yangu". Hata mwalimu wa sarufi anapofundisha "mimi", "wewe" na "yeye" husema nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Naamini kwamba sehemu kubwa ya mabishano ya wanafalsafa kuhusu jambo hili imesimama katika mwanya ulio kati ya maneno hayo mawili, yaani kati ya kile nilicho nacho na yule ambaye ndiye mimi.

Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alisimulia siku ya mwisho ya mwalimu wake Socrates, aliyeuawa kwa sumu mjini Athens mwaka 399 KK. Siku nzima walizungumzia kama roho hudumu baada ya kifo, na pingamizi za marafiki zake zilikuwa na uzito. Simmias aliuliza: je, kama roho ni mfano wa ulinganifu wa sauti za kinubi, ambao ni mzuri na hauonekani, lakini hutoweka mara tu nyuzi zinapokatwa? Cebes aliongeza mfano ninaoupenda zaidi, wa mfumaji mzee aliyefuma na kuchakaza nguo nyingi maishani mwake. Ni kweli kwamba alidumu kuliko nguo zote hizo, ila ile ya mwisho ilibaki yeye alipokufa. Jioni, rafiki yake Crito alipomwuliza wamzike vipi, Socrates alijibu kwamba wamzike wapendavyo, mradi waweze kumkamata. Kwake yeye jibu la swali langu lilikuwa wazi: baba ni aliyetoka.

Ningependa kuridhika na jibu hilo, lakini siwezi. Baba niliyemjua alikuwa na namna yake ya kukohoa kabla ya kusema jambo zito, na alikuwa na kidole kilichopinda ambacho alikigonga juu ya meza alipokuwa akifikiri. Nikiambiwa kwamba hayo yote yalikuwa vazi tu, naona nimenyang'anywa mtu nikaachiwa wazo. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, aliliona tatizo hili akasema kwamba lau jicho lingekuwa mnyama, kuona ndiko kungekuwa roho yake. Na kwamba kuuliza kama roho na mwili ni kitu kimoja ni sawa na kuuliza kama nta na alama ya mhuri iliyo juu yake ni kitu kimoja. Kitabu cha Mwanzo nacho kinasema kwamba Mungu alimpulizia mtu pumzi ya uhai puani, "mtu akawa nafsi hai". Neno ni "akawa". Haisemwi kwamba alipewa nafsi akaiweka ndani. Hata Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkristo ambaye hakuwa na shaka kwamba roho haifi, aliandika katika karne ya 13 kwamba roho yake siyo yeye, na ndiyo maana aliona ufufuo wa mwili ni wa lazima.

Wapo waliotaka kuipima. Mwaka 1907 daktari Duncan MacDougall wa Marekani alitangaza matokeo ya kuwaweka juu ya mizani wagonjwa 6 waliokuwa wakifariki. Wa kwanza alipungua kiasi cha gramu 21, matokeo ya wengine hayakulingana, na idadi ile ya kwanza ndiyo iliyobaki midomoni mwa watu. Sioni kwamba mizani ingeweza kunijibu, hata kama ingekuwa sahihi kabisa.

Fasihi imenisaidia zaidi. Katika tamthilia ya Christopher Marlowe, Faustus anaandika kwa damu yake hati ya kumwuzia Shetani roho yake ili atumikiwe kwa miaka 24, damu inaganda katikati ya maandishi, naye anaendelea. Anaamini anauza kitu, kama mtu auzavyo shamba. Miaka hiyo inapokwisha, saa ya mwisho, anatamani roho yake igeuke matone madogo ya maji yadondoke baharini yasipatikane tena. Hapo ndipo anapogundua kwamba muuzaji na kilichouzwa ni mmoja. Alidhani ni roho aliyo nayo, kumbe ni nafsi yake.

Na nafsi ina kazi nyingine ambayo roho haina. Hutusuta. Qur'ani inaapa kwa nafsi inayojilaumu, katika Sura ya Al-Qiyama, na mtunzi wa Al-Inkishafi, utenzi wa kale wa Kiswahili, aliuhoji moyo wake mwenyewe kwa nini haushiki maonyo, kana kwamba ndani ya mtu mmoja yupo asemaye na yupo asikiaye. Mimi nimeijua nafsi kwa njia hiyo. Alfajiri ile sikutoka kwa dharura yoyote. Nilitoka kwa sababu nilishindwa kuvumilia kuhesabu kitambo kati ya pumzi na pumzi, nikasimama ukutani nikingoja kwishe, na kweli kukaisha bila mimi. Hakuna aliyenilaumu. Anayenilaumu hadi leo ni mimi nafsi yangu.

Niliinama sikioni mwa baba nikamwomba radhi, kisha nikanyamaza kwa aibu, nikijua kwamba nimechelewa. Shangazi, ambaye dakika chache tu kabla ya hapo alikuwa ameniambia kwamba roho imetoka, aliniwekea mkono mgongoni.

"Sema, mwanangu," akaniambia. "Anakusikia."