Kandili, Bibi na Rebecca

Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ililala gizani, umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulipokatika. Nilikuwa likizo ya chuo, nyumbani kwa bibi yangu Mji Mkongwe. Mchana tulihangaikia maji, maana pampu nazo hazikuwa na umeme. Ukipandisha ndoo mbili za kisima mpaka orofa ya pili, salamu za mtu huzitaki. Usiku jenereta za wenye nazo zilinguruma, na sisi tukawasha kandili.

Televisheni imekufa, simu haina chaji. Nilibaki na kitabu nilichonunua Dar kwa muuza vitabu vya mtumba, jalada limeshachanika: Rebecca, cha Daphne du Maurier, cha mwaka 1938. Bibi hakujua Kiingereza. Nikawa nasoma mchana dirishani, usiku namhadithia.

Binti yatima, maskini, anaolewa na tajiri mgane. Anapelekwa Cornwall, Uingereza, kwenye jumba la Manderley karibu na bahari. Mke wa kwanza, Rebecca, inasemekana alikufa maji, ila nyumba bado ni yake: maua apendayo, chakula apendacho, na Bi Danvers, msimamizi wa nyumba, anayemtazama bi harusi kama mtu aliyekosea mlango.

"Huyo mwari anaitwa nani?" Bibi akauliza.

"Hatajwi jina, Bibi. Kitabu kizima."

"Ehee." Hakushangaa hata kidogo.

Alizoea visa vya Bwana Msa na kiko chake, kwa hiyo usiku wa pili akataka kujua mpelelezi anaingia lini. Nikamwambia hapa hakuna wa namna hiyo. Akaguna, akaendelea kutafuna tambuu. Nje kaskazi haikuvuma, jasho linatutiririka, nami namweleza ukungu na mvua ya watu. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwandishi mwenyewe alikianza akiwa Iskandaria, Misri, alikomfuata mumewe mwanajeshi, roho yote iko Cornwall. Sikushangaa.

Usiku wa nne tukafika kwenye chumba cha marehemu. Bi Danvers anakitunza kama kilivyokuwa: brashi za nywele mezani, vazi la kulalia limekunjwa kitandani. Anamshika yule binti mkono, anamwambia aliguse. Nilikuwa naisimulia kwa sauti ya kutisha, najiona fundi. Bibi akaninyamazisha kwa kiganja.

"Zima taa. Mafuta yanakwisha."

Mafuta yalikuwepo.

Kesho yake, kabla sijaanza, akasema, "Yule mume hamlilii mkewe. Anamwogopa."

Nilikuwa nimeshasoma mbele, nikaduwaa. Nikamuuliza amejuaje.

"Mbona hamtaji? Mtu akifiwa na kipenzi chake jina halimtoki mdomoni. Babu yako alikuwa akinitajia wake asubuhi na jioni. Pilau yake, mshono wake, kicheko chake."

Sikuwa najua kwamba Babu aliwahi kuoa kabla yake. Bibi aliingia nyumba hii akiwa na miaka 17, akalala kwenye samadari ileile. Sanduku la marehemu lilikaa miguuni pa kitanda, na mavyaa hakutaka liguswe. Siku moja, peke yake nyumbani, alilifungua. Doti za kanga zimepangwa, bado zinanukia udi, na juu yake kikuba kilichokauka, asumini zimekuwa kama majani ya chai. Alikishika kikamvunjikia mkononi. Akaziokota chembe moja moja, akarudisha kifuniko, na kila mavyaa alipopita chumbani roho ilimruka.

Tangu hapo nimesoma riwaya nyingi za majumba ya kale, siri na mapenzi. Nyingi zinanichosha kwa radi zao na milango inayolia usiku. Hofu ninayoitafuta mimi ni ile ya sanduku, ya mke kuwa mgeni chumbani mwake mwenyewe.

Rebecca tulikimaliza siku tatu baadaye. Mume alikiri kwamba alimpiga risasi Rebecca (asiyekisoma anisamehe, kitabu kina umri kuliko Bibi), na mwisho Manderley ikateketea.

"Na lile vazi la kulalia, liliungua?" Bibi akauliza.

"Nyumba nzima iliungua, Bibi."

"Haya," akasema, akanyoosha mkono kupunguza utambi.